Kiangazi cha Tatu

Naomi alikuwa ametimiza mwaka wa ishirini na mbili katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu pale Mikumi, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kulalamikia shuka. Yeye ndiye aliyesimamia vyumba vyote kumi na vinane. Alijua mlango upi hukwama, godoro lipi limebonyea, na chumba kipi hakifai kupewa dereva wa lori kwa sababu kinapokea ngurumo zote za barabarani. Wenye hoteli walimsifu mbele za watu. "Mama Naomi ni nguzo," walisema. Na nguzo, kama ujuavyo, haiombi ruhusa ikaenda kutembea.

Alichokitaka kilikuwa kitu kidogo: kwenda Tanga, na kwenda kiangazi.

Dada yake, Monica, aliishi huko. Walizaliwa wawili tu, kwa mama mmoja, vilimani Kisanga. Monica aliolewa na mfanyakazi wa reli pale Kilosa, mumewe akahamishiwa Tanga, na alipofariki Monica akabaki hukohuko, katika nyumba ndogo mtaa wa Chumbageni. Naomi hakuwahi kufika. Walionana misibani, wakiwa na kanga vichwani na macho yamevimba kwa kulia, wakaachana kabla hawajazungumza vya kutosha.

Mwaka juzi Monica alipiga simu akaeleza kwamba ana presho ya macho, na la kushoto limekwisha kuzima.

"Njoo, mdogo wangu," alisema. "Lakini usije masika. Mawingu yakifunika, mimi sioni kitu. Njoo kiangazi. Jua likiwaka sawasawa, hili la kulia bado linaona. Nataka nikutazame kabla nalo halijafunga."

Naomi aliahidi. Hakujua kwamba alikuwa ameahidi miezi asiyokuwa nayo. Maana kiangazi ndipo nyasi za mbugani hukauka, wanyama wakakusanyika majini, na watalii wakafurika Mikumi kama siafu. Masika, barabara zikiwa tope na vyumba vikiwa vitupu, meneja wake Godfrey humwambia kwa upole, "Mama, sasa unaweza kupumzika." Kiangazi, upole uleule hugeuka kuwa kamba.

Kiangazi cha kwanza alinyimwa likizo kwa sababu ya wingi wa wageni. Cha pili alikubaliwa, lakini siku mbili kabla ya safari mfanyakazi mwenzake akajifungua mapema, na Naomi akaufungua mkoba wake na kuzirudisha nguo kabatini.

Mwaka huu aliapa kutofanya uzembe. Fomu ya likizo aliijaza mwezi wa pili, mvua ikiwa bado inanyesha: siku ishirini na nane, kuanzia tarehe kumi na mbili Agosti. Godfrey akatia saini. Kisha Naomi akamchukua Devota, mama wa watoto watatu aliyefanya naye kazi miaka sita, akamfundisha kila kitu: kuhesabu mashuka, kuwasemesha madobi, kumpoza mgeni aliyekosa maji ya moto. Kufikia Julai Devota alikuwa akiendesha vyumba mwenyewe, Naomi akimtazama kwa mbali.

Safari yenyewe aliipanga kama mtu apangaye harusi. Angetoka Mikumi mchana, alale Morogoro kwa mwanakwaya mwenzake wa zamani, alfajiri apande basi la Tanga. Kutoka Kisanga aliagiza maharage, gunia dogo, kwa kuwa Monica alisema ya Tanga hayana ladha ya nyumbani. Monica naye hakukaa bure. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu na kuongeza jambo.

"Tutaenda Raskazone tukakae ufukweni. Halafu mapango ya Amboni. Halafu sokoni, uone machungwa."

"Macho yanaendeleaje, dada?"

"Leo jua lilikuwa kali. Nimeyaona maua ya kanga yangu, yote, hata yale madogo ya pindoni."

Tarehe kumi Agosti, Godfrey alimkuta akikunja foronya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasimama akijishika kidevu. Naomi akajua. Kijana huyu hakujishika kidevu ila alipokuwa na la kuomba.

"Mama, limekuja kundi la watu ishirini na wanne. Siku nne tu. Nakuomba wiki moja, moja tu."

"Devota yupo."

"Devota ni mzuri. Lakini si wewe, mama."

Maneno hayo yalipaswa kumfurahisha. Yalimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Akakubali, akajichukia kwa kukubali, na Jumapili akamwambia Monica, "Wiki ijayo, dada."

Wiki iliyofuata pampu ya maji ikaharibika, na Godfrey akasema bila mama mambo yatakwama, kana kwamba mama alikuwa fundi bomba. Iliyofuata, mkurugenzi alikuwa anakuja kukagua. Mkurugenzi hakuja. Maharage yakaingia wadudu. Naomi akayaanika uani, akayapepeta, akayafunga tena. Wiki mbili baadaye akayakuta yanatoboka upya. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiyatazama yale matundu madogo, na hakujua amkasirikie nani. Godfrey hakuwahi kumpandishia sauti. Hakuwahi kukataa waziwazi. Ungemgombezaje mtu anayekusifu?

"Ni Jumamosi hii?" Monica aliuliza.

"Bado kidogo."

"Haya. Jua bado lipo," Monica akajibu, na sauti yake haikuwa na lawama hata chembe, jambo lililomuumiza Naomi zaidi.

Katikati ya Septemba upepo ulileta mawingu mawili matatu kutoka upande wa milima. Hayakuwa ya mvua, yalipita tu. Lakini Naomi aliyaona akiwa kwenye kamba za nguo, akayafuata kwa macho mpaka yakaisha, kisha akaenda moja kwa moja mapokezi na taulo lenye maji mkononi.

"Godfrey, mwanangu. Alhamisi naondoka."

"Mama, fomu ile tarehe zake zimepita. Itabidi tujaze nyingine, mkurugenzi asaini…"

"Jaza wewe. Mwandiko wangu unaujua, fuatisha."

"Sasa mkurugenzi akiuliza, mimi nitasema nini?"

"Sema nguzo imeng'oka," Naomi akasema, akageuka. Akaenda stoo. Huko alimkabidhi Devota funguo zote, na Devota akamkumbatia.

Basi lilifika Tanga mchana, jua la utosi. Stendi ya Kange ilikuwa nyeupe kwa mwanga, hata Naomi mwenye macho mazima alilazimika kukinga uso kwa kiganja. Alimwona Monica mara moja: amevaa gauni la kanisani, ameshikwa mkono na jirani yake, Costancia. Naomi akapunga mkono kutoka mlangoni mwa basi. Akapunga tena. Monica alikuwa akitabasamu, tabasamu pana la furaha, lakini amelielekeza kwa basi jingine, lililokuwa likiondoka.

Naomi alishuka akasimama mbele yake, hatua mbili tu. Monica akaendelea kutabasamu kuelekea kule.

"Dada," Naomi akaita.

Uso ukageuka kuifuata sauti.

Wakaenda Chumbageni. Walipoingia ndani na Costancia kuwaachia nafasi, Naomi akauliza, "Tangu lini?"

"Pasaka."

"Pasaka! Na kanga? Na maua ya pindoni?"

"Nilikuwa nayakumbuka."

"Miezi yote hii naombaomba likizo nije unione, kumbe unanidanganya! Mbona hukuniambia? Ningekuja siku ileile!"

Monica alikuwa akipapasa meza akitafuta birika la chai. Akalipata, akamimina, kidole kimoja akikiweka ukingoni mwa kikombe ili kisifurike.

"Mwaka juzi nilikuambia la kushoto limekufa," alisema taratibu. "Ulikuja siku ileile?"

Naomi akavuta kiti, akaketi.

"Sikulaumu, Nao. Niliogopa tu. Nilisema, akijua kwamba hakuna tena kitu cha kuwahi, ataniahirisha mpaka kaburini."

Naomi alilia siku hiyo, kilio cha hasira zaidi kuliko huzuni, na Monica akamwacha alie, akanywa chai yake. Kesho yake walikwenda Raskazone kama ilivyopangwa. Monica alitangulia. Alizijua njia kwa nyayo, alijua mahali pa mfereji na mahali pa ngazi, na mara mbili Naomi, aliyekuwa akitembea amenuna, alijikwaa akashikwa na dada yake. Ufukweni walikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe. Maji yalikuwa yamejaa. Naomi hakuwa na hamu ya kuyatazama, lakini aliyatazama, na Monica alipouliza yana rangi gani leo, alimjibu kwa sauti kavu, kisha akamjibu tena vizuri.

Siku ya tano Godfrey alipiga simu. Naomi aliipokea akiwa jikoni, amekwisha kujiandaa kwa vita.

"Shikamoo, mama. Ijumaa tuna wageni wengi. Nilikuwa nauliza kama utakuwa umerudi."

"Sitarudi. Nina siku ishirini na nane, na nitazimaliza zote."



"Sawa, mama," Godfrey akasema. "Hakuna shida. Devota yupo. Msalimie dada."

Simu ikakatika. Naomi akabaki ameishika, akisubiri kitu ambacho hakikuja: kelele, kitisho, hata kusihiwa. Sawa, mama. Basi ilikuwa nyepesi hivyo. Maneno mawili, ambayo huenda yangetoka vilevile kiangazi kilichopita, na kile cha kabla yake, jicho la kulia likiwa bado linaona. Alitamani Godfrey angemfukuza kazi. Angalau angekuwa na mtu wa kumtupia lawama.

"Nani huyo?" Monica aliuliza kutoka sebuleni.

"Kazini."

"Wanakuhitaji?"

Naomi aliyatazama maharage ya Kisanga yaliyokuwa yakichemka, yale machache yaliyonusurika. Akachukua mwiko.

"Hapana," alisema. "Hawanihitaji kabisa."