Aligonga gari langu Garsen, halafu akakaa masaa matatu kwenye joto kunisubiri

Wakuu, habari za kutwa.

Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, kwa sababu ndani yake mimi si mtu mzuri sana. Leo nauweka kama ulivyotokea. Sijaongeza chumvi, nimebadilisha majina tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Chara, huko delta, mto unapoingia baharini. Mwaka huu nilifanikiwa kununua gari, Probox nyeupe, mkono wa pili. Kwa mtu wa Nairobi hiyo si habari. Kwetu sisi, ukoo mzima, hilo ndilo gari la kwanza. Siku niliyolifikisha nyumbani shangazi zangu walilizunguka wakiligusagusa kama bibi harusi.

Msinicheke. Nilikuwa naliosha kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Sasa likizo ya juzi nikampeleka mama yangu kliniki ya macho Garsen. Mama amepita miaka sabini, amelima mpunga na ndizi maisha yake yote, na hapendi kuharakishwa. Tukachelewa kutoka. Tulipofika nafasi zote mbele ya kliniki zilikuwa zimejaa, nikajibana pembeni ya duka moja la hardware, nikakimbia kuwahi foleni.

Nikiri hapa hapa: nilipaki vibaya. Mkia wa gari ulitokeza kwenye njia ya kuingilia sokoni. Niliuona nikiwa nafunga mlango. Nikajiambia, ah, si muda mrefu.

Tulikaa mle ndani karibu masaa manne. Foleni, halafu mama akatiwa matone ya kupanua mboni, halafu kungoja yafanye kazi, halafu kupimwa.

Tukatoka saa saba mchana. Jua la Garsen mnalijua. Mama alikuwa amenishika kiwiko maana kwa yale matone alikuwa anaona ukungu mtupu.

Kitu cha kwanza nilichoona ni vipande vyekundu vya plastiki chini. Halafu taa yangu ya nyuma ya kushoto, imevunjika. Halafu ubavu juu ya gurudumu, umebonyea kama sahani.

Wakuu, sijui niseme nini. Ni kitu kidogo, najua. Lakini niliona kama nimepigwa mimi.

Kando yake ilisimama pickup ya bluu, nyuma ina madumu ya maziwa yaliyofunikwa magunia yaliyoloweshwa. Na kwenye baraza ya lile duka alikaa mama wa makamo, mtandio wa kijani, sura na mavazi ya Kiorma kabisa. Aliponiona natazama taa akasimama.

"Ni mimi nimegonga," akasema. "Nilikuwa narudi reverse. Pole sana."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema asante kwa kunisubiri, tuzungumze.

Mimi nikasema, tena kwa sauti ya kumfokea mtoto darasani: "Nyinyi watu, nani aliwapa leseni? Mnadhani gari ni ng'ombe wa kuswaga?"

Kwa wasiotoka huku niwaeleze. Sisi Wapokomo tunalima, Waorma wanafuga, na mto ni mmoja. Kuna miaka tuliugombania vibaya. Nyumba zilichomwa, watu wakafa, kwetu na kwao. Siku hizi tunauziana vitu, tunakaa ofisi moja, watoto wetu wanasoma dawati moja. Lakini neno "nyinyi", likisemwa kwa sauti ile, kila mtu Garsen anajua linaenda wapi.

Mwanamume mmoja anayenijua kwa sura, aliyekuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki akaacha kamba.

"Mwalimu, hebu rudia ulivyosema," akaniambia polepole.

Na mwingine, nyuma yangu, mtu wa kwetu nisiyemjua hata jina, akajibu kabla yangu: "Kwani amesema uongo?"

Wakuu, niliogopa. Watu walianza kusogea, huyu huku, huyu kule, na kilichowasogeza ni mdomo wangu.

Yule mama wa maziwa alikuwa anatazama chini.

Mama yangu ndiye aliyeongea. "Nyinyi akina nani?" akaniuliza.

Nikajifanya natafuta funguo mfukoni.

"Nimekuuliza. Nyinyi akina nani?"

Akaniachia kiwiko. Akatembea kwa kupapasa mpaka kwenye gari, akapitisha kiganja ubavuni hadi akapata pale palipobonyea.

"Ni hapa tu?"

"Ndiyo, mama. Na taa."

"Na makelele yote yale ni ya hapa?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wa pili. Yule wa pikipiki akarudi kwenye kamba yake, ingawa bado ananikata jicho.

Kisha mama akageukia upande alikosikia sauti ya yule mwanamke, akaanza kuongea Kiorma.

Wakuu, nimeishi na huyu mama miaka thelathini na sita. Sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kiorma. Na hakuwa anabahatisha, alikuwa anatiririka. Yule mama mwenyewe alishtuka, akashika mdomo, halafu akaanza kujibu mbiombio kama mtu aliyekutana na dada yake stendi.

Baadaye nikiwa njiani nilimuuliza. Akasema alipokuwa msichana, kila kiangazi kulikuwa na familia ya Waorma waliokuja kunywesha ng'ombe mtoni kwao, wanapiga kambi pembeni ya shamba la babu yangu miezi mizima. Alicheza na mabinti zao. Nikamuuliza mbona hakutuambia kamwe. Akasema, "Ile miaka mibaya ilipokuja, ungesema wapi?"

Basi, wakakaa wote wawili barazani. Mama, ambaye hakuwa amekula tangu alfajiri, akauliza kama yale maziwa bado ni mazima. Yule mama, nitamwita Mama Habiba, akafungua dumu. Yameanza kuganda.

Ndipo nikapata akili ya kuuliza: kwani amekaa hapa tangu saa ngapi?

"Saa nne," akasema.

Masaa matatu. Maziwa yale yalikuwa ya hoteli za chai. Hoteli zilishanunua kwa watu wengine zamani. Na jinsi alivyonieleza, kila mtu aliyepita alimwambia aende zake, mwenye gari hajamwona, tena ni taa tu. Mwenye duka alimwambia aache namba ya simu.

"Sasa mbona hukuacha namba?" nikamuuliza. Safari hii kwa sauti ya binadamu.

Akafikiri kidogo. Kiswahili chake ni cha kuchagua maneno, kwa hiyo nayaweka alivyoyasema:

"Mwaka jana lori iligonga ng'ombe wangu mtamba barabara ya Hola. Alikuwa na mimba. Ile lori haikusimama. Mimi nilikaa na yeye pale chini mpaka akakata roho. Nilikuwa nataka tu ule dereva ashuke aone. Hata kama hana kitu. Ashuke, aone. Sasa leo mimi ndiyo dereva. Nitaenda namna gani?"

Nikainama, nikaanza kuokota vile vipande vyekundu.

Kumbe na hiyo bado si yote. Ile pickup ni ya chama cha akina mama wa boma lao, wao wenyewe walichanga. Yeye peke yake ndiye aliyejifunza kuendesha. Wanaume wa boma walikubali kwa shingo upande, na walisema wazi: siku mwanamke atakapogonga kitu, funguo zinaenda kwa mwanamume. Yaani angeondoka saa nne ile, hakuna ambaye angejua. Alikaa akijua anachoweza kupoteza.

Nikamwambia, "Mama, hii tuimalize mimi na wewe. Polisi siendi. Wala huko kwenu hakuna haja wajue."

Nilidhani namfanyia wema mkubwa.

Akatikisa kichwa. "Garsen yote imeona. Nikificha, kila mtu hapa atakuwa amenishika kwa siri hiyo." Akatoa simu, akampigia shemeji yake, ndugu mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye mwenye kauli pale bomani. Akaweka loudspeaker. Sikuelewa maneno lakini mama alinitafsiria kwa kunong'ona. Alisema, "Nimegonga gari la mwalimu, limevunjika taa, nipo naye." Yule mzee akauliza swali moja: mtu ameumia? Hapana. Akasema, "Rudisha gari. Funguo uzilete kwangu." Akakata.

Mama Habiba akairudisha simu mfukoni taratibu, akatumiminia maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Mimi nilikunywa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Tukaenda kwa fundi wa bodi hapo hapo Garsen. Alifungua bamba la plastiki la ndani, akasukuma na nyundo ya mpira, pakarudi. Bado ukiangalia kwa ubavu utaona mawimbi kidogo. Taa aliagiza kutoka Malindi. Mama Habiba akasisitiza taa ni yake. Kazi ya fundi nikalipa mimi, na nilimweleza sababu mbele ya fundi: mkia wa gari langu ulikuwa njiani. Mama Habiba alinitazama kwa mshangao. Nadhani masaa yote matatu alikuwa ameuona ule mkia, na hakuusema.

Nikarudi Chara. Nilale, silali. Nilikuwa namsikia tu yule mzee akikata simu.

Jumamosi nikaenda kwao. Mama alitaka kuja, nikamwambia hapana, hili nililikoroga mwenyewe. Boma lao liko ndani kidogo kutoka barabara ya Hola. Pickup ilikuwa imeegeshwa nje ya nyumba ya shemeji, haijasogea siku nne. Maziwa ya siku nne, mnaelewa.

Nikakaribishwa vizuri, chai, heshima zote. Wazee watano, na akina mama wamesimama nyuma. Nikasema kilichonileta. Kwamba nilipaki njiani nikijua. Kwamba dereva yeyote, hata mwanamume, angegusa pale. Na kwamba yeye alipogonga alibaki, mimi nikatoka nikamtukana, na si yeye peke yake, niliwatukana wote. Nikarudia maneno yangu yale yale ili wasije wakadhani nilisema kitu kidogo. Nikaomba msamaha.

Wazee wakatazamana.

Shemeji mtu akaniuliza, "Umetumwa na huyu mwanamke?"

"Hapana. Hata hajui nakuja."

"Umetumwa na chifu?"

"Hapana, mzee."

Wakaongea wenyewe kwa muda. Halafu akasema wamesikia, niende salama. Basi. Hakuna aliyenipa mkono wa pongezi, hakuna aliyerudisha funguo mbele yangu. Nilirudi nikiwa na hakika nimepoteza mafuta bure.

Siku ya tisa Mama Habiba akanipigia. Amepewa funguo, ila wamemwekea mtu wa kukaa naye mbele, wa kuangalia nyuma akirudi reverse. "Ni shemeji mwenyewe," akasema, akaangua kicheko. "Analala tangu nyumbani mpaka sokoni."

Sasa, wakuu, kilichonifanya niandike leo.

Wiki iliyopita nilikuwa Hola kwa mambo ya ofisi. Nikitoka parking nikasikia kijimlio. Nimelaza pikipiki ya mtu. Kioo cha pembeni kimevunjika na tangi limekwaruzika. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Saa ya sala ya Ijumaa, barabara tupu.

Nawaambia ukweli: nilitia gia ya kwanza. Gari lilisogea.

Kisha nikazima injini, nikashuka, nikainua ile pikipiki, nikakaa kwenye kijiwe. Nilikaa dakika arobaini tu na niliona ni mwaka. Mwenyewe akatoka msikitini, kijana mrefu, akanifokea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwacha amalize. Alipomaliza akapumua, akaniangalia vizuri.

"Mzee, kwani hukukimbia?"

Nilitaka kumweleza. Nikaona ni hadithi ndefu. Nikamwambia tu, "Twende kwa fundi."

Somo langu ni hili: kubaki si jambo dogo. Mpaka ikufike wewe, mguu uko kwenye mafuta na hakuna anayekuona, usijisifu. Na mtu aliyebaki, kabla hujafungua mdomo, hesabu kwanza kubaki kwake kunaweza kumpotezea nini.

Haya, nanyi semeni. Waliowahi kugongewa gari wakakuta mtu anawasubiri, mlimpokeaje? Na waliowahi kuondoka, hapa hakuna anayewajua kwa majina. Mnaweza kusema.