Pointi ya Huruma
Walimwita Pasi kwa sababu, walisema, ukimgusa bila kitambaa unaungua. Alishona sare na mapazia katika karakana moja nyuma ya soko, na jioni, mashine zikishafunikwa, mafundi walisukuma mabunda ya vitambaa ukutani, wakaunganisha meza mbili za kukatia, wakafunga wavu katikati, wakacheza mpira wa meza. Meza zile hazikuwa ndugu. Moja ilizidi nyingine kimo kwa unene wa kidole, na ilikuwa sheria ya nyumba hiyo, sheria isiyosemwa, kwamba mgeni apewe upande wa chini, aumie huko huko.

Bucha, muuza nyama wa pale sokoni, alipoingia mara ya kwanza, bado ana aproni yake yenye madoa, walimpa upande wa chini. Hakulalamika. Alimchapa mwenye karakana, kaka yake Pasi, kipigo ambacho watu walikihadithia mpaka kikaota mbawa. Tangu siku hiyo kaka mtu akawa na kinyongo kisichotoka hata kwa sabuni ya magadi.

Aliyebaki wa kumkabili alikuwa Pasi.

"Umenawa mikono?" alimuuliza jioni ya kwanza. "Mpira unanuka maini."

"Ungenawa wewe uso, dada. Umejikunja kama sare iliyolaliwa."

Mafundi wakaangua kicheko. Pasi akafungwa, akaondoka bila kuaga mtu. Alirudi kesho yake, akafungwa tena. Bucha alikuwa na mchezo mmoja tu, ila ulikuwa mchezo wa kuudhi: aliukata mpira kwa chini, mkono ukishuka kama anayeachanisha nyama na mfupa, na mpira ulivuka wavu ukizunguka, ukagusa meza na kufa. Pasi aliuchukia mkono ule. Aliuchukia akiwa kwenye mashine, akiuona mbele ya macho kila sindano iliposhuka. Alijua bega linaanza lini, kiwiko kinasimama wapi, kifundo kinavyokaza kabla ya pigo. Hakuwahi kumtazama mtu yeyote kwa makini namna hiyo, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini, siku ambazo Bucha hakuja, macho yake yalishinda mlangoni.

Zikapita wiki. Siku nyingine alimkaribia, siku nyingine alimshika koo, lakini kumshinda hakumshinda. Kaka yake akachoka kuchekwa.

"Leo ndiyo mwisho," alimwambia mbele ya wote, Bucha akiwa mlangoni anavua aproni. "Ukifungwa tena na huyu muuza mifupa, raketi naichukua mimi. Utashona, utakwenda nyumbani, kama wanawake wengine."

"Kaka, hii si ya kuamua wewe."

"Karakana ni ya nani? Meza ni za nani?"

Pasi akaichukua raketi yake. Hakuwa na kitu kingine maishani ambacho hakikukatwa na mtu mwingine kabla hajakishona. Saa ile moja ya jioni tu ndiyo ilikuwa yake.

Wakacheza. Seti ya mwisho, Bucha akabakiza pointi moja ashinde. Hata wale waliokuwa wakitafuna karanga wakaacha. Mpira ukaenda, ukarudi, ukaenda. Bega la Bucha likaanza, kiwiko kikasimama mahali pake, lakini kifundo kikalegea. Mpira ukaja juu, mlaini, kama embe lililoiva linaloomba kuchumwa. Mkono wa Pasi ukaupiga kabla hajafikiri.

"Sawasawa!" kaka yake akapaza sauti. "Pointi sawa!"

Mafundi wakapiga makofi. Pasi akamnyooshea Bucha raketi.

"Umeniachia."

"Nimekosea tu," alisema Bucha, akitazama wavu.

"Mkono wako haujui kukosea hivyo. Mimi naujua kuliko mama yako aliyeuzaa." Akaokota mpira, akamtupia kifuani. "Rudia."

"Dada, nimemsikia kaka yako..."

"Nimekuomba unihurumie? Rudia. Na ukate."

"Wewe una wazimu?" kaka yake akafoka. "Pointi umepewa, chukua!"

Bucha akarudia. Akakata kama hajawahi kukata. Mpira wa Pasi ukaishia kwenye wavu, ukabingirika upande wake. Kaka yake akanyoosha mkono, naye Pasi akaiweka raketi juu ya kiganja kile bila neno, maana neno lilikuwa limeshasemwa mbele ya watu.

Kesho yake mchana Pasi akasimama mbele ya duka la Bucha, nyuma ya wateja wawili. Zamu yake ilipofika, Bucha alishika kisu.

"Nikupimie nini?"

"Una raketi ya pili?"

Kisu kikatua. "Ninayo. Meza ipo stoo, mbovu."

"Ukinihurumia tena nitakukata kwa kisu hicho hicho."

Wakacheza stoo, chini ya ndoano tupu, kwenye sakafu yenye utelezi. Hakumhurumia. Alimfunga wiki hiyo, na iliyofuata, na mwezi ule mzima, na alipomwambia anampenda na anataka kumwoa, Pasi alimjibu kuwa hawezi kuolewa na mtu anayemfunga. Kwa kaka yake kulikuwa na kelele kila mlo juu ya muuza mifupa. Alikula amekaza taya.

Jioni ambayo Pasi alimshinda, Bucha hakutabasamu. Aliupiga mpira ukutani, akapiga teke ndoo, akatukana meza, wavu na taa, akasema sakafu ilikuwa na maji upande wake. Alinuna, mtu mzima mwenye ndevu. Pasi alimtazama akifurukuta, moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu aijue raketi.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kuja nyumbani kusema na kaka."

"Siendi popote," alisema Bucha, akiokota mpira. "Tucheze tena kwanza."