Presha ya Upande wa Baba

Baba alianguka katikati ya mibuni, kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi Ruiru, miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Upande mmoja wa mwili ulipooza, mdomo ukaenda kando. Mavuno yalipokwisha, naye akafa. Shangazi, dada yake mkubwa, alisema mbele ya waombolezaji kwamba mama ndiye aliyemuua kwa maneno yake makali. Tangu hapo hawakusalimiana, hata kanisani.

Mimi nilikuwa najifunza uuguzi katika hospitali moja Thika. Daktari mmoja mzungu pale alitaka kujua kama presha hurithiwa, na alikuwa akipima jamaa za wagonjwa. Nilimweleza habari za baba.

"Na babu yako alikufaje?" akauliza.

"Alianguka vilevile."

"Basi niletee ndugu za baba yako."

Siku hizo hukuweza kutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi, kibali cha serikali cha kusafiri. Daktari mwenyewe ndiye aliyewaombea. Baba zangu wadogo wawili walitangulia. Shangazi alikuja mwisho, amenuna.

"Mimi si mgonjwa. Hata kichwa hakijawahi kuniuma."

Nilimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, nikaminya mpira, nikasikiliza. Nikarudia. Daktari naye akapima. Presha ilikuwa juu sana, kama ya wadogo zake. Jamaa za mama, tuliowapima baadaye, hawakuwa nayo.

"Muulize ni nani amenitia ugonjwa huu," shangazi aliniambia.

Nikatafsiri. Daktari alisema hana hakika bado, ila inaelekea wamezaliwa nao, pengine kutoka kwa baba yao.

Shangazi alishusha mkono wa blauzi polepole.

"Mume wangu hajawahi kunipandishia sauti, na bado ninayo," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

Dawa ya maana haikuwepo. Aliambiwa apunguze chumvi, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alimngoja mama nje ya kanisa. "Mke wa ndugu yangu, nasikia mahindi yako yamezidiwa na magugu."

"Yamezidiwa."

"Nitakuja kesho na jembe."

Alikuja. Maneno ya siku ya msiba hayakutajwa, wala mama hakudai aombwe radhi.

Daktari alihamishwa kabla hajapata jibu lake, na sikusikia tena utafiti ule uliishia wapi. Lakini kabla ya kuondoka alinipima na mimi. Yangu ilikuwa imeanza kupanda.