Mlango wa Kulia

Asubuhi ile nilitoka Malindi, Unguja mjini, bila kujua nakwenda wapi. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu. Skuli niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nilikunywa chai kwa mkate wa kumimina, nikamkuta dereva wa lori la saruji anafunga turubai, nikamuuliza anaelekea wapi. Akasema Bwejuu. Sikuwahi kulala Bwejuu. Nikapanda.

Saruji ilishushwa kwenye nyumba moja ya wageni karibu na pwani. Vibarua walipokuwa wanabeba mifuko, mimi nikazunguka nyuma, maana ua nikiuona lazima niuchungulie. Na huko, chini ya banda la makuti, nikalikuta gari dogo la Kifaransa, la mbio, buluu, limelala chini kama paka anayevizia. Taa nne mbele. Usukani kushoto. Limeng'arishwa hata nikajiona uso. Nilikaa mchangani. Gari lile mimi nililijua likiwa na kuku ndani.

Bibi yangu alikuwa mchumaji wa karafuu Kizimbani, na mimi nililelewa naye. Nyumba ya pili alikaa jirani yetu, dereva wa lori la shamba, mtu mrefu, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Ujanani alifanya kazi gereji huko bara. Mwaka mmoja Mzungu aliyekuja kushindana katika mbio za magari aliuguliwa na msomaji ramani wake kwa homa, naye jirani yetu akapanda badala yake kwa sababu njia alizijua. Walimaliza. Mwisho wa yote injini ilikufa, Mzungu akamwachia gari, naye akalileta Unguja kwa meli ya mizigo, akaliegesha uani kwetu, ubavu wa kushoto umegusana na ukuta.

Halikuwahi kutembea tena. Lakini mlango wa kulia, upande aliokaa yeye, ulikuwa na namba, na chini ya namba palikuwa na jina lake, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Juu ya vyote tope jekundu la bara lililokauka. Hakuliosha. "Tope hili nimelitoa mbali," alikuwa akisema. Jioni wanaume wakibishana barazani, mmoja akisema hakuna Mswahili aliyewahi kukaa kwenye gari la namna ile, jirani yetu alinyanyuka, akawapeleka uani, akawaonesha mlango. Wakirudi, wanampisha mahali pazuri pa kukaa.

Siku mbili kabla ya Sikukuu, bibi aliniambia wageni wanakuja kutoka Tumbatu na hataki kuona uchafu uani. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe uliyekulia Unguja unajua kazi ile: makumbi ya nazi, mchanga, jivu, na masufuria yote ya nyumba yanasuguliwa mpaka yawe kama mapya. Harufu ya karafuu imejaa ua mzima, zimeanikwa kwenye majamvi siku ya nne, na ndani bibi anapiga unga wa mikate. Nilipomaliza masufuria nikaliona gari. Nikafikiri jirani atafurahi.

Nilisugua mlango mmoja tu, ule ulioonekana. Tope lilitoka, nikaona raha. Namba ikafifia. Nikaongeza mchanga. Herufi za jina lake zilikwenda moja moja chini ya kiganja changu, na sikusimama, kwa sababu bati lilianza kung'aa.

Jirani alirudi kabla ya alasiri. Alisimama mbele ya mlango ule. Akakohoa. "Nani?"

Nikasema, "Mvua."

Aliangalia mbingu. Kisha akaziangalia karafuu kwenye majamvi, kavu, ambazo tone moja lingetufanya sote tutoke mbio kuzianua. "Haya," akasema. "Mvua."

Hakumwambia bibi. Barazani hawakukawia. "Bwana mashindano, leo utatuonesha nini? Bati?" "Jina limekwenda na maji." Alicheka nao siku ya kwanza. Mwezi ule ule akaacha kutoka jioni, nami nikaacha kupita mbele ya mlango wake. Alikufa sijamwambia. Nilisikia jamaa zake wameliuza gari, nikashukuru.

"Bi dada, hapo hapaegemewi." Nikazinduka, niko Bwejuu tena, chini ya banda; aliyesema alikuwa mwanamume wa makamo, kucha zina rangi ya buluu. Yeye ndiye fundi rangi aliyelifufua, na sasa analilinda.

"Siegemei. Nnaangalia."

"Wote wanaangalia. Wengine wanaangalia kwa makalio."

Nikamuuliza mbona mlango wa kushoto una jina na huu wa kulia una namba tu.

"Ule tulilikuta jina la dereva chini ya vumbi, tukalifuatisha. Huu haukuwa na kitu, hata namba tumeinakili kule. Tajiri mwenye gari kauliza mpaka Ulaya, huyo wa upande huu hajulikani."

"Mie nnamjua."

Akaniangalia viatu. "Mwezi uliopita kaja mwengine, anasema ni babu yake. Alipoona anapewa chai tu, kaondoka." Akaugonga mlango kwa kidole. "Tena huu ndio ulionitoa jasho. Mikwaruzo ya duara, duara, mpaka kwenye bati. Wiki mbili nnaziba. Nlimlaani aliyefanya, popote alipo."

"Alikuwa na miaka tisa," nikasema. Nikanyoosha kiganja, nikamwonesha hewani namna mkono ulivyozunguka.

Fundi aliufuata mkono wangu kwa macho. "Makumbi?"

"Na mchanga. Na jivu. Ilikuwa Sikukuu."

Akakaa mchangani kando yangu. Nikamtajia jina la jirani yetu, lake na la baba yake. Sikuwa nimelitamka tangu utoto.

"Tajiri anarudi keshokutwa," akasema. "Umwambie wewe, akikubali nitaliandika jina mlangoni. Mie nikisema ataona nimetunga. Na huenda asikuamini hata wewe. Lakini nyinyi watu wa njia nnakujueni, ukitoka hapa hutorudi."

Alisema kweli. Lori lilikuwa limeshawashwa, dereva ananipigia honi. Nikafikiria Kizimbani: nyumba zile mbili zimeanguka, majamvi yameoza, bibi na jirani wako chini ya udongo mmoja. Lililobaki ni gari, na hilo limesafishwa kuliko nilivyolisafisha mimi.

Nikamwashiria dereva aende.

Fundi alinipa chumba nyuma ya jiko, kitanda cha kamba, ndoo ya maji, dirisha moja linalotazama banda. Kutoka hapo mlango wa kulia unaonekana wote. Alinipa ufunguo, akauliza nitalala siku ngapi, amwambie mpishi.

"Mpaka jina likauke," nikamwambia.