Miche Iliyohama Zizini

Kwa miaka kumi na tisa Specioza Malimi amekuwa akikuza miche mjini Bariadi, na ukimfumba macho bado atakutajia mgunga na mkwaju kwa kuugusa jani tu. Mwaka huu Joakim wa mipango miji alimwonyesha ramani yenye mstari wa kijani: unaanzia kwenye ngitili, yale malisho yaliyofungiwa pembeni ya mji, unashuka mpaka bonde la mto, ndege na nyuki wapite bila kukatishwa. Pengo lilibaki moja, kwenye kaya iliyohamwa zamani. Kamati ya mji ya kukagua ingekuja Ijumaa. Ikikuta pengo, kiwanja kinapimwa fremu za maduka.

Jumatatu Specioza alipanda miche arobaini kwenye pengo hilo, kwa kamba, mstari umenyooka kabisa.

Jumanne miche yote ilikuwa imesimama, ila si pale alipoipanda. Mashimo yake yalikuwa yamefukiwa, yamesawazishwa kama kwa kiganja. Miche ilikuwa imepangwa kwa upinde, imemwagiliwa, na kwenye tope hakukuwa na unyayo hata wa kuku.

"Vijana wa bodaboda hao, wanakutania," Joakim alicheka.

"Utani gani wa kumwagilia, wewe?"

Specioza akairudisha miche kwenye mstari. Jumatano akaikuta upindeni tena, na saa sita ile ya jua kali palinuka samadi mbichi, wakati ng'ombe wa mwisho aliondoka hapo yeye hajazaliwa. Upepo ulitikisa majani kote. Ndani ya upinde, hata unyasi haukucheza.

Akaenda kumwita bibi Kabula, aliyewahi kuolewa kwenye kaya ile. Bibi alifika na mkongojo, akagoma kuingia.

"Mwadila, mayu," Specioza alimsalimu kwa Kisukuma. "Hapa nilipopitisha kamba palikuwa nini?"

"Zizi. Na mwenye kaya anazikwa wapi kama si zizini? Wamelala watatu hapo, na wewe Msukuma mzima unawapiga majembe vichwani!"

"Mbona hakuna hata jiwe?"

"Ng'ombe walikanyaga pakawa sawa. Ndiyo heshima yenyewe."

"Sasa nani anahamisha? Ni wewe, bibi?"

"Na magoti haya?" Kabula akacheka, halafu kicheko kikakatika. Alikuwa anatazama kitu nyuma ya Specioza. Specioza hakugeuka.

Akampigia Joakim simu. "Pindisha mstari."

"Mama, ramani imeshagongwa muhuri!"

"Gonga mwingine."

Lakini upinde ni mrefu kuliko mstari. Miche arobaini iliishia njiani kabla ya bonde, na kitalu kilikuwa kitupu. Alhamisi Kabula alimkatia vijiti vya minyaa kwenye ua wake. Minyaa ukichomeka tu inashika. Wakachomeka mpaka bondeni.

Ijumaa kamati ilipita, ikaandika kwamba pengo limefungwa. Wakati wa kurudi mwenyekiti alitaka kukatisha katikati ya upinde. Aliinua mguu, akabaki nao hewani. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Akavua kofia taratibu, akazunguka kwa nje, na wote wakamfuata.