Marehemu wa Kwenye Televisheni na Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Yule mzee aliingia mgahawani kwetu jioni, hana begi wala mfuko, ameshika karanga za kuchemsha kwenye kikaratasi. Kwa sisi tunaoishi Mikumi kando ya barabara kuu, msafiri asiye na mzigo ama ni dereva aliyeacha gari lake nje, ama ni mtu aliyeachwa na basi. Nje hapakuwa na gari.

"Shikamoo baba," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Basi limeniacha."

Alisema kama mtu anayetaja kitu cha kawaida. Alikuwa ameshuka kujisaidia, akapitia kununua karanga, akasimama kidogo kuwaangalia vijana waliokuwa wakibadilisha tairi la lori, na aliporudi akakuta basi limeshaondoka. Begi lake, simu yake na kitambulisho chake vilikuwa njiani kwenda Dar es Salaam bila yeye. Mfukoni alikuwa na pesa ya kumtosha kula na kulala.

Mimi ndiye msimamizi wa gesti ile. Mbele kuna mgahawa, nyuma kuna vyumba. Nilihamia hapo kutoka Kilosa baada ya kuachana na mume wangu, na katika kazi hiyo nimeshawapokea wengi walioachwa na mabasi. Nilimwita wakala wa tiketi, jirani yetu, akampigia kondakta wa basi lile. Kondakta hakupokea. Wakala akamwambia mzee asiwe na wasiwasi, begi litashushwa ofisini kwao mwisho wa safari, na yeye kesho asubuhi atapandishwa basi la kwanza lenye nafasi.

Nilimpa simu yangu awapigie watu wake. Aliishika, akaitazama, akanirudishia.

"Namba zote ziko kwenye ile simu," alisema. "Kichwani ninayo ya mke wangu tu, naye alishafariki."

Alikula ugali na samaki. Alipomaliza akamuuliza mpishi wetu, mama mmoja mwenyeji wa Ulaya, kijiji cha huku huku kwetu, kama ni kweli tembo huingia mjini.

"Mjini kwa nadra," mpishi alimjibu. "Ila mashambani wanafika. Mahindi ya shemeji yangu waliyamaliza yote, wakabakiza fensi."

Mzee alicheka. Alisema yeye kila akipita mbugani hukaa dirishani upande wa kulia, na kila mara tembo wanakuwa upande wa kushoto. Abiria wote wanainuka, na yeye anaishia kuona migongo ya watu. Akaomba chai ya tangawizi, akasema safari imemchosha, akaenda kulala mapema.

Asubuhi mpishi alimpelekea chai, akagonga, hakuitikiwa. Aligonga tena, kisha akaja kuniita. Nilimwita mwenyekiti wa kitongoji, tukafungua kwa ufunguo wa akiba. Mzee alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa vizuri. Mwenyekiti alimgusa mguu, akanitazama, akatoa simu kuwapigia polisi. Baadaye daktari alisema ni moyo.

Tukiwa bado tumesimama mlangoni, tukasikia vilio kutoka mgahawani. Nilidhani habari zimeshafika mbele, nikakimbia kwenda kuwatuliza wateja. Nilikuta watu wamegeukia televisheni. Muuza matunda wa pale nje alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Kwenye kioo palikuwa na picha ya yule mama wa tamthilia, mwigizaji aliyecheza nafasi ya mama mwenye nyumba kwa muda mrefu hata watu wengi walimjua kwa jina la mchezoni tu. Alikuwa amefariki alfajiri hospitalini.

"Jamani, mama wa watu," muuza matunda alisema. "Juzi tu nimemwona anamfukuza yule mkwe wake."

Polisi walikuja na pikapu. Mkubwa wao aliponyoosha mguu kuingia mgahawani, naye akasimama.

"Huyu naye amefariki?" aliuliza.

"Leo alfajiri," mtu mmoja alimjibu.

"Duh. Mke wangu atalia huyo." Kisha akanigeukia. "Haya mama, maiti iko chumba gani?"

Njia ya kutokea vyumbani inapita ubavuni mwa mgahawa. Walipombeba mzee akiwa amefunikwa shuka letu la maua, watu walisimama. Wanaume walivua kofia. Mwanamke mmoja aliniambia pole, na mimi nikaitikia, ingawa kati ya wale wawili hakuna aliyekuwa wangu. Dereva mmoja wa bodaboda aliuliza ni nani. Wakala akamwambia ni abiria. Akauliza wa wapi, akaambiwa wa Mbeya huko. Basi. Pikapu ikaondoka kuelekea hospitali, viti vikavutwa tena, watu wakageukia televisheni.

Sikuwakasirikia. Mimi mwenyewe sikuwa nimelia kwa ajili ya yeyote kati ya wawili hao. Nilichokigundua asubuhi ile ni jambo dogo la maneno. Yule mama wa tamthilia, tangu dakika ya kwanza, watu walimwita marehemu. Mzee wetu aliitwa maiti na kila mtu, nikiwemo mimi nilipokuwa nikiongea na hospitali kwa simu.

Mchana mama yangu alinipigia kutoka Kilosa. Sauti ilikuwa imemkauka. Nilidhani anaumwa.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia mama. Pole."

"Kesho wanamzika, wataonyesha. Njoo tukae wote."

Nilikuwa na ruhusa ya siku moja, na polisi walishachukua maelezo yangu, kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilipanda gari nikaenda. Mama anaishi karibu na reli, kwenye nyumba aliyoijenga baba walipohama Chanzuru. Sebule ilikuwa imejaa wanawake wa jirani, wamekaa mikekani, khanga mabegani, kama wanavyokaa msibani kweli. Nilipita nikiwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wakaitikia kwa sauti za chini. Mama alikuwa karibu kabisa na televisheni. Macho yake yalikuwa mekundu.

Jeneza lilipotolewa ndani ya nyumba ya yule mwigizaji, wanawake walilia kwa pamoja. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, mtu mkali ambaye alinifundisha hesabu, alilia mpaka akatolewa nje kupata hewa. Nilikaa ukutani nikiwaangalia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na yule mama. Wala hakuna aliyekuwa akiigiza kulia.

Walipoondoka, tulikwenda na mama jikoni kupika chakula chetu wawili. Nikamsimulia habari za mgeni wangu, begi lililokwenda bila mwenyewe, viatu chini ya kitanda.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," alisema huku akichambua mchicha. "Ndugu zake wanajua?"

"Bado wanatafutwa."

Akaendelea na mchicha. Ndipo nikamuuliza, kwa utaratibu maana sikutaka aone namkosoa, kwa nini amemlilia namna ile mtu ambaye hata salamu hawajawahi kupeana.

"Baba yako alipofariki, unakumbuka mimi nilikuwa wapi?"

Nilikumbuka. "Jikoni."

"Jikoni. Watu wa Magole walikuja, wa Chanzuru walikuja, ndugu zake wote walikuja, na mimi napima mchele. Nikitaka kulia, mtu ananiuliza chumvi iko wapi. Mpaka arobaini imepita sijapata nafasi. Huyu wa leo simpikii mtu."

"Kwa hiyo ulikuwa unamlilia baba."

"Namlilia huyu," alinisahihisha. "Ila baba yako naye yumo."

Akanieleza kitu nilichokijua nusu. Katika ugonjwa wake wa mwisho, baba alikuwa akitandikiwa godoro sebuleni, na kila tamthilia ile ilipoanza alimtaka mama aache kila kitu akae naye. Alikuwa akigombana na yule mama wa kwenye kioo. Alimwambia asimfungulie mlango yule kijana, ni mwizi. Alimwambia dawa hiyo asinywe. Siku ambazo hakuweza tena kuongea na watu waliokuja kumjulia hali, na yule bado aliongea naye.

"Tulikuwa watatu humu ndani," mama alisema. "Sasa nimebaki peke yangu ninayejua jinsi tulivyokaa."

Alinawa mikono, akaweka sufuria jikoni. Kisha, bila kunitazama, akauliza:

"Huyo mgeni wako alikula nini?"

"Ugali na samaki."

"Sato?"

"Perege."

"Alimaliza?"

"Alimaliza."

Akatikisa kichwa polepole, akasema tena Mungu amrehemu, na safari hii niliona amesema kwa mtu, si kwa habari.

Niliporudi Mikumi nilikuta ndugu wamepatikana. Simu ya mzee ilikuwa ikiita ndani ya begi kule ofisi ya mabasi, hadi karani alipoipokea. Aliyekuwa akipiga ni binti yake anayeishi Dar es Salaam, ambaye alikwenda stendi kumpokea baba yake na hakumwona. Karani alimtafuta wakala wetu, wakala akawaunganisha na polisi. Binti alikuja kwa basi. Kaka wa marehemu alikuja kutoka Mbeya na gari la kukodi, na wote walikutana mgahawani kwetu kabla ya kwenda hospitali kumchukua.

Kaka alikuwa mzee mrefu, mtu wa kanisa, mwenye kuongea taratibu. Aliomba kuona chumba. Nilimpeleka. Alikaa kitandani, akapapasa godoro, akauliza kama mdogo wake alilalamika maumivu. Nilimwambia alisema amechoka tu. Akauliza aliongea nini mezani. Nikamsimulia habari za tembo na dirisha, naye akafunika uso kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na sikuweza kujua mara moja kama analia au anacheka.

Alikuwa anacheka. Tuliporudi mgahawani aliwaeleza watu waliokuwepo.

"Mdogo wangu basi limemwacha Makambako," alisema. "Limemwacha Iringa. Mara moja limemwacha stendi ile ile aliyopandia, alikuwa anamsaidia mtu kufunga kuku. Siku ya harusi yake bibi harusi alitangulia kanisani, sisi tunamtafuta bwana. Tulimkuta anaangalia mafundi wanaochimba kisima."

Watu walicheka, wakajizuia, wakacheka tena. Binti naye alicheka, kisha akainamisha kichwa mezani akalia. Mpishi wetu, ambaye siku ile ya kwanza aliendelea kukaanga maandazi polisi wakiwa ndani, alikaa kwenye benchi na mwiko wake mkononi, machozi yakimshuka. Muuza matunda alikuja kumshika bega, na yeye akaanza.

Kaka alisubiri wanyamaze. Halafu akasema jambo ambalo naamini hakupanga kulisema mbele ya wageni.

"Asubuhi ile mimi na mke wangu tulikuwa sebuleni tunamlilia yule mama wa tamthilia. Simu ikaita, ni huyu mtoto, anauliza baba ameachwa wapi safari hii. Nikamwambia ngoja kidogo, hebu tusikie hapa wanasema nini. Machozi yalikuwa tayari yananitoka, na yeye alikuwa amelala hapa kwenu."

Binti alimshika mkono. "Baba mkubwa, ungejuaje," alisema.

Walipokwenda kumchukua hospitali, wakala alifunga meza yake akawasindikiza. Mpishi alivua aproni akaenda pia. Madereva wa bodaboda waliokuwa kijiweni waliwasha pikipiki, wakafuata gari hadi mwisho wa mji upande wa Iringa, wamewasha taa mchana. Yule aliyeuliza siku ya kwanza ni nani huyo, alikuwa mbele. Nilimsikia baadaye akimweleza mwenzake habari za marehemu na kuku, na alikuwa amekwisha kuongeza mambo ambayo kaka hakuyasema.

Nimelifikiria jambo hili mara kadhaa, bila uchungu. Nadhani mtu hawezi kumlilia asiyemjua hata akitaka. Kinachotoka ni heshima tu, ile ya kuvua kofia. Yule mama wa televisheni aliletwa kwetu kidogo kidogo, na hasira zake na vilemba vyake, akaingia nyumbani kwa mama yangu wakati hata ndugu wengine walikuwa wameacha kuja. Mzee naye aliletwa kwetu na kaka yake, kwa maneno machache juu ya meza ya chai, na ikatosha. Kama kaka angekuwa mtu asiyejua kusimulia, tungeliachia jeneza pole zetu tukarudi kazini.

Tamthilia iliendelea. Waandishi walimpeleka yule mama safari ya mbali, na nafasi yake pale nyumbani ikachukuliwa na dada mtu. Mama yangu anasema huyo mpya hajui hata kushika kikombe, lakini anamwangalia. Kaka alinipigia mara moja, kuniambia wamemzika mdogo wake kando ya mke wake, na mvua kubwa ilichelewesha shughuli.

Chumba nilikifunga kwa siku kadhaa, nikabadilisha godoro na pazia. Kisha akaja dereva wa lori la Tunduma, vyumba vingine vyote vimejaa, nikampa ufunguo. Hakuuliza kitu. Aliniambia tu nimwamshe saa kumi na moja, na saa kumi na moja nilipogonga, aliitika.