Shangazi Asiyetaka Kuambiwa Mwisho

Ukimwona mtu mtaani kwetu anamsalimia shangazi yangu huku ameinamisha kichwa, usidhani wamegombana. Ujue tu kwamba mtoano wa ligi ya kikapu umeanza. Siku hizo watu humuuliza habari za unga, habari za mgongo na habari za mvua, kisha hupita haraka kama wenye chungu jikoni. Wanamstahi. Wao wanajua nani ameshinda, yeye bado.

Ligi anayoifuata ni ile ya kulipwa, inayochezwa ng'ambo. Huko wakicheza jioni, huku kwetu ni usiku mkubwa, na saa hizo shangazi yuko bekari, mikono imezama kwenye unga hadi viwiko. Ndiye mkandaji mkuu. Hutoka kukipambazuka, hurudi nyumbani, huoga, huketi kwenye kiti chake cha mbao chenye mto mmoja, na kuitazama mechi iliyorekodiwa na king'amuzi kana kwamba ndiyo kwanza mwamuzi anaurusha mpira juu. Kwake yeye, mechi haijachezwa mpaka aione.

Kwa hiyo bekari nzima imefunzwa adabu. Redio haiwashwi. Dereva wa mikate huacha simu yake garini. Pale nyumbani, taulo la jikoni hutundikwa kwa upana kwenye sehemu ya chini ya skrini ya televisheni, kufunika ule mstari wa maandishi unaopita na matokeo ya michezo mingine, maana shangazi haamini kwamba mstari huo una siri. Kutundika taulo ni kazi yangu. Nilihamia kwake nilipomaliza chuo kikuu na kupata kazi maktaba. Ananiita Kimya. Wengine hunihurumia kwa tabia hiyo ya kutosema, yeye huihesabu kuwa kipaji. "Uso wako hauvuji," huniambia, na kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Zamani alicheza mwenyewe, kwenye timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo. Alikuwa mkabaji. Hakufunga pointi nyingi, na hakuna picha yake hata moja akiwa na mpira. Katika ile picha ya pekee aliyonayo amesimama mbele ya mwanamke mrefu kuliko yeye, mikono juu, magoti yamekunjwa kidogo, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake benki. Kiwanda kilipofungwa, timu nayo ikafa, naye akaenda kukanda mikate. Kilichobaki ni maoni. Na maoni ya shangazi hayabishi hodi.

Anasema ligi ya kawaida ni uchumba na mtoano ni ndoa. Wakati wa uchumba kila mtu ana tabia nzuri, ananukia, anafungua mlango. Ndani ya ndoa ndipo utakapomjua anayeosha vyombo. Kufunga, kwa shangazi, ni kukaribisha wageni, na kukaba ni kuosha vyombo: hakuna anayekupigia makofi, lakini usipofanya nyumba nzima itanuka.

Wachezaji amewabatiza upya wote. Nyota wa timu ya jezi za bluu anamwita Bwana Harusi, kwa sababu kila akifunga hugeuka kumtafuta mpiga picha. Kipaji chake hakikatai. "Mkono umejaliwa," husema. "Miguu ndiyo haikulelewa." Kijana mrefu wa timu yake yeye, timu ya jezi za kahawia, anamwita Mlingoti: amepewa urefu, hajapewa haraka. Lakini Mlingoti hakosi mitupo huru, na shangazi anaamini kwamba asiyekosa mitupo huru ni mtu anayelala vizuri, na anayelala vizuri hana la kuficha.

Halafu yupo Babu. Babu anacheza msimu wake wa mwisho, magoti yote mawili yamefungwa bendeji, ndevu zimeanza kuingia chumvi. Watangazaji msimu mzima walisema akae benchi awaachie vijana. Shangazi akawajibu kupitia skrini, msimu mzima, kwamba hao vijana watafunga na Babu ataosha vyombo. Katika miaka yote aliyowafuata, Kahawia hawajawahi kuwa mabingwa. Mwaka huu walifika fainali, na aliyekuwa akisimama mbele ya Bwana Harusi kila mechi alikuwa Babu.

Mpinzani wa shangazi si mtu wa mbali. Ni fundi simu ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa bekari, na ambaye anaishi na mkewe katika vyumba viwili nyuma ya kibanda hicho. Ni Bluu damu. Humwita dada, na kila alasiri shangazi akishaamka na kuitazama mechi kwa mara ya pili, huvuka barabara kwenda kubishana naye huku fundi ameinamia bodi ya simu na bisibisi yake nyembamba kama sindano.

Mwaka huu ubishi ulikuwa mmoja, wa mechi ya tatu ya fainali. Bwana Harusi alikata kuelekea kikapuni, Babu akasimama njiani, wakagongana, Babu akaanguka chali. Hapo sheria ni kama mlango: mkabaji akiwahi kusimama na miguu yake ikatulia, aliyemgonga ndiye mwenye kosa. Miguu ikiwa bado inahama, kosa ni la mkabaji. Mwamuzi alisema ilitulia. Shangazi alisema ilitulia. Fundi alisema ilicheza.

"Miguu ilikuwa na mizizi," alisema shangazi.

"Dada, yule babu miguu yake haiwezi kutulia. Hata akipanga foleni inatetemeka yenyewe."

Walirudia hayo wiki nzima. Shangazi alimwonyesha kwa vitendo pale barabarani, akiwa na ndala, mpaka mpita njia akamuuliza kama ameteguka. Fundi hakulegea hata kidogo. Wakati huo huo timu zikagawana mechi, zikawa tatu kwa tatu, ikabaki ya saba.

Jioni ya kuamkia mechi hiyo, fundi alivuka barabara mwenyewe, jambo ambalo si desturi yake, akasimama mlangoni mwa bekari.

"Kesho nafunga kibanda," alimwambia shangazi. "Tushinde, tushindwe, nafunga. Kwa hiyo ukipita ukakiona kimefungwa, usisome kitu."

Shangazi alimpa mkate wa moto, fundi akaondoka nao kwapani. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao siku hiyo.

Kitu kimoja tu shangazi alikitaka: kuiona ile mechi ya saba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuambiwa. Hakuomba ushindi. Alisema ushindi ni juu yao, lakini kuona ni haki yake. Na kwa kuwa siku hiyo hakumwamini mtu, alininyang'anya rimoti kabla ya kwenda kazini na kuipanga rekodi mwenyewe. Mimi huwa naongeza saa nzima mbele, iwapo mechi itachelewa. Yeye alichagua jina la mechi, akabonyeza, akaiweka rimoti mezani kwa mkono wa mtu aliyezima jiko.

Asubuhi nilimfuata bekari tutembee pamoja, simu yangu nimeiacha nyumbani. Kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa, kama alivyoahidi. Muuza magazeti alikuwa ameyalaza yote kifudifudi, akatusalimia kwa kutazama paa la nyumba ya jirani. Gari moja lilipiga honi mara nyingi, ya furaha au ya hasira ya foleni, hatukujua, na shangazi akaanza kuimba kwa nguvu wimbo usio na maneno mpaka tukaingia ndani. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

Taulo mahali pake, chai mezani, tukaanza.

Robo ya kwanza Bluu walitukimbia. Bwana Harusi alikuwa anatupa kutoka mbali na mpira unaingia kama uliokuwa na miadi. Nilikunja vidole vya miguu. Shangazi alikunywa chai. "Waache," alisema. "Wanakimbia kama waliotumwa dukani. Watachoka." Kwenye robo ya tatu walichoka. Babu hakufunga kitu cha kutaja, lakini kila Bwana Harusi alipogeuka alimkuta pale pale, kama fanicha iliyowekwa vibaya. Tofauti ikapungua, ikapungua tena. Mwishoni kabisa mwa robo ya nne, Kahawia wakiwa nyuma kwa pointi mbili, Mlingoti akapewa mitupo huru miwili. Ukumbi mzima ulimzomea. Aliingiza wa kwanza. Aliingiza wa pili.

"Analala vizuri," alisema shangazi.

Sare. Kipenga. Dakika tano za nyongeza. Babu aliketi benchi na barafu kwenye magoti, akanyanyuka polepole kama mtu anayetoka kwenye shimo, wakarudi uwanjani, mwamuzi akaushika mpira katikati, na skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe: rekodi imekamilika.

Shangazi aliitazama rimoti, kisha televisheni, kisha rimoti tena. King'amuzi kilikuwa kimetii. Kilipewa saa za kwenye ratiba, na ratiba haijui nyongeza.

"Nimejichimbia mwenyewe," alisema hatimaye.

Nikanyoosha mkono kuchukua simu yangu, nikidhani nitaipata hata sehemu iliyobaki.

"Weka chini, Kimya. Hiyo huanza na mwisho."

Alikuwa sahihi. Popote ambapo ningefungua, jina la bingwa lingekuwa juu kabisa, kwa herufi nene, kabla ya picha yoyote. Wapo wasomaji maktaba wanaofungua kitabu ukurasa wa mwisho kwanza, lakini angalau kitabu hukuachia uchague. Shangazi alikuwa ameshasimama, anatafuta ndala.

"Twende kwa fundi."

"Lakini fundi ni Bluu, shangazi."

"Ndiyo maana. Wengine watanihurumia, au watanishangilia kabla sijafika. Fundi atabisha. Na mtu wa kubisha huwa ametazama vizuri."

Tulipiga hodi mlango wa nyuma. Fundi alifungua, akamwona shangazi, na papo hapo akageuka akatupa mgongo. Mkewe alijifunika mdomo kwa kiganja akatoka nje na ndoo ambayo haikuwa na kitu. Tuliingia. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye karo, akafungua maji, akaanza kuosha vikombe, uso ukutani.

"Umefika wapi, dada?"

"Sare. Mwamuzi ana mpira mkononi."

"Duh. Umeachwa pabaya."

"Nieleze kwa mpangilio. Usiruke."

Basi akaeleza. Sikuwahi kujua kwamba fundi anaweza kusimulia. Aliosha kikombe kimoja kwa kila pointi, na sauti yake hakuipandisha wala kuishusha, kama mtu anayembeba mgonjwa ngazini. Mlingoti alishinda mruko wa kugombea mpira. Bluu wakafunga kwanza. Kahawia wakarudisha. Bwana Harusi akatupa kutoka mbali ikaingia, na hapo fundi hakutabasamu, au kama alitabasamu ukuta ndio uliojua. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, magoti yamekunjwa kidogo, kama kwenye ile picha. Mara mbili alimsimamisha kumuuliza nani alikuwa anamkaba nani, na mara zote mbili fundi alijua. Kahawia wakasogea, wakapita, wakawa mbele kwa pointi moja. Sekunde zikawa za kuhesabika kwa vidole. Mpira ukawa wa Bluu.

"Akapewa nani?" aliuliza shangazi, ingawa alijua.

"Bwana Harusi. Akamtoka wa kwanza, akakata katikati. Babu akaja upande." Fundi alizima maji. "Wakagongana. Babu chini, chali. Mpira umetoka mkononi, umegonga chuma, umeingia. Na kipenga kimelia."

Bao limeingia, kipenga kimelia, na yote mawili hayakuwa na maana mpaka ijulikane kosa ni la nani. Kama ni la Babu, Bluu ni mabingwa; kama ni la Bwana Harusi, bao linafutwa. Nilitamani kumuuliza fundi nani alishinda, niyamalize. Shangazi hakuuliza hivyo.

"Miguu yake ilikuwa wapi?" alisema.

Fundi aliweka kikombe chini. Mabega yake yalipanda, yakashuka.

"Ilitulia," alisema. "Yote miwili. Mwamuzi akafuta bao. Babu alikuwa amefika kitambo, dada. Alikuwa anamsubiri."

Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala, na sidhani ni usingizi peke yake. Shangazi alinyoosha magoti yake polepole. Hakurukaruka wala hakupiga kigelegele. Alikaa kwenye stuli iliyo karibu na meza, akajipangusa nyusi, unga ukamdondokea mapajani.

"Na ile ya mechi ya tatu?" aliuliza.

"Usizidishe," alisema fundi.

Shangazi alicheka mpaka mke wa fundi akachungulia mlangoni kuona kama sasa anaruhusiwa kuingia. Kisha akainuka, akachukua kitambaa kilichotundikwa kwenye msumari, akasimama kando ya fundi na kuanza kufuta vikombe, kimoja kimoja, huku akimtaka amweleze tena ile ya mwisho, kuanzia pale Bwana Harusi alipomtoka wa kwanza.